Mume anataka nimpelekee bastola yake New Jersey kwa gari

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu lisitoke. Tunaishi Arlington, Texas, mwaka wa sita sasa, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka mitano na mitatu. Mume wangu amepata kazi nzuri ya kusimamia ghala karibu na bandari kule Newark, na tarehe moja ya mwezi ujao anatakiwa awe kazini. Nyumba tumeshapata Jersey City. Ni ndogo kama banda la kuku na kodi yake ya kasri, lakini ndiyo hiyo.

Mpango wetu ni kwamba yeye atangulie kwa ndege. Mimi nibaki wiki mbili nikabidhi nyumba, niuze makochi, kisha nipakie vilivyobaki kwenye gari letu, Toyota Sienna, nije na watoto. Rafiki yangu mmoja Mkenya atanisindikiza tupokezane usukani. Njiani tutalala siku mbili kwa mama mdogo, Silver Spring, Maryland, ambaye hajawahi kumwona huyu mtoto wa pili.

Shida ni bastola. Mume wangu aliinunua dukani, kihalali, baada ya jirani yetu kuvunjiwa nyumba usiku. Ina magazini mbili za risasi 15 na boksi moja la risasi zile zenye tundu kwenye ncha. Inakaa kwenye droo upande wake wa kitanda. Yeye hataki kwenda nayo kwenye ndege, anasema ni usumbufu. Anasema niiweke kwenye dashibodi ya Sienna, nifunge na ufunguo, nisiiguse mpaka Jersey City. Nikimwambia naogopa ananijibu, "Mke wangu, hii ni Marekani, ni haki ya kikatiba. Hapa Texas si kila mtu anayo kwenye gari?"

Shemeji yangu wa Little Rock anasema kama naogopa nimwachie yeye nikipita, ataitunza mpaka kaka yake aje kuichukua. Rafiki yangu Mkenya naye anasema tuifunge ndani ya blanketi, tuitie katikati ya godoro la mtoto, hakuna askari atakayefungua godoro. Watu watatu, majibu matatu, na mimi ndiye dereva.

Kwa faida yako, mume wangu ana grini kadi, aliipata kwa bahati nasibu kabla hatujajuana. Mimi niliingia kwa viza ya mwanafunzi, tukafunga ndoa hapa, maombi yangu yako uhamiaji. Kadi ya kufanya kazi ninayo, grini kadi bado. Sijui kama hilo linahusiana.

Niiweke wapi hii bastola, Mama? Kwenye dashibodi, kwenye godoro, au nyuma na mabegi?

Mimi mwanao, Arlington.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshaanza kukuandikia habari za kasha na kufuli. Mara ya pili nikafika pale chini, ulipotupa neno la mwisho kama mtu aliyekwisha kushika kitasa cha mlango, "sijui kama hilo linahusiana," nikayafuta yote niliyoandika.

Linahusiana. Umeniuliza uiweke wapi. Jibu langu ni kwamba wewe huiweki popote. Huibebi, huiendeshi, huishiki, na ufunguo wa kasha lake haukai kwenye pochi yako.

Sababu ni hii. Sheria ya shirikisho, ile inayotawala majimbo yote 50, inayo orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki silaha wala risasi. Wengi wanadhani orodha hiyo ni ya wafungwa wa zamani na wagomvi wa nyumbani tu. Ndani yake yumo pia mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, ya mwanafunzi, ya matembezi au ya kazi. Kuna misamaha michache, mfano mtu aliyekata leseni ya uwindaji, lakini wewe hukuniambia kwamba unawinda kulungu. Kadi ya kazi haikutoi kwenye orodha hiyo. Kuolewa na mwenye grini kadi hakukutoi. Kinachokutoa ni grini kadi yako mwenyewe ikishatoka. Mpaka siku hiyo, adhabu inayotajwa kwenye sheria ni kifungo cha hadi miaka 15. Ilikuwa 10, ikapandishwa mwaka 2022.

Na neno "kumiliki" usilichukue kama linavyotumika kwetu, kwamba mwenye mali ni aliyelipa. Mahakama za huku zinaangalia nani alikuwa na uwezo wa kuifikia na kuitawala, akijua ipo. Mama aliye kwenye usukani, ufunguo wa dashibodi umening'inia pamoja na wa gari, mwenye bastola yuko kazini Newark: hapo mwendesha mashitaka hahitaji kusema mengi.

Kuna kesi maarufu ya kijana wa Falme za Kiarabu aliyekuja Florida kwa viza ya mwanafunzi. Akafeli, chuo kikamtoa, viza ikapoteza nguvu, yeye akabaki. Siku moja akaenda kwenye uwanja wa kufanyia shabaha, akakodi bastola akapiga. Akashitakiwa, akahukumiwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2019 majaji wakasema upande wa mashitaka lazima uthibitishe kwamba mtu alijua yuko kwenye hali ya uhamiaji inayotajwa kwenye orodha. Watu waliifurahia hukumu ile. Lakini wewe, mwanangu, hali yako umeniandikia mwenyewe, huwezi kusema hukuijua. Nisamehe.

Kama kuna siku uliishika, kama alikufundisha kupiga, usiniandikie mimi na usimsimulie rafiki yako Mkenya njiani. Hayo ni ya wakili wa uhamiaji, mlango ukiwa umefungwa. Na umwone kabla hujahama, maana maombi yako yako mezani kwa watu.

Sasa nizungumze na mume wako, naamini atasoma.

Baba watoto, unasema kweli kuhusu Texas. Tangu 2007 dereva wa Texas anaweza kuwa na bastola kwenye gari lake akiwa ameificha, na tangu Septemba 2021 hata kibali cha kutembea nayo hakihitajiki kwa watu wengi. Ukikaa miaka sita mahali kama hapo, bastola inakuwa kama mwavuli. Unaisahau kwenye gari. Lakini ruhusa hiyo inaishia mpakani. Kutoka Arlington hadi Jersey City ni maili zaidi ya 1,500, na kwa barabara ambayo wengi wanapita, ya Little Rock, Memphis, Knoxville, kisha kupanda barabara kuu ya I-81, unavuka majimbo manane. Arkansas, Tennessee na West Virginia watakuelewa. Virginia ina masharti yake. Pennsylvania inataka leseni kwa bastola ndani ya gari, isipokuwa kwa safari chache kama ya kuhama nyumba, nayo iwe tupu na imefungwa vizuri. Maryland unaipita kwa maili 12 tu hapo Hagerstown, ila ni maili 12 za jimbo kali. New Jersey ndiko unakokwenda kuishi, na kwa habari ya bastola New Jersey na Texas ni kama nchi mbili tofauti.

Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 iliyotungwa kwa ajili ya wasafiri kama nyie. Inasema hivi kwa ufupi: ukitoka mahali ambapo unaruhusiwa kuwa na silaha hiyo, ukaenda mahali ambapo pia unaruhusiwa, majimbo ya katikati hayawezi kukukamata kwa kupita tu, ikiwa silaha haina risasi na ikiwa wewe uliye ndani ya gari huwezi kuifikia, hiyo pamoja na risasi zake. Gari lenye buti iliyotengwa, unaifungia kwenye buti. Gari kama Sienna, ambalo toka usukani mpaka mlango wa nyuma ni chumba kimoja, silaha inakaa ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Na sheria imeandika wazi kwamba kasha hilo haliwezi kuwa dashibodi wala kile kisanduku cha katikati ya viti. Kwa hiyo pale pale unapomwambia mkeo aiweke ndipo palipokatazwa kwa jina. Godoro nalo halina kufuli, na bastola iliyoshonewa kwenye godoro la mtoto haifanani na mali ya mtu anayehama. Huyo rafiki Mkenya nampenda kwa moyo wake wa kusindikiza, lakini kwenye hili asipewe nafasi ya kuongea.

Tazama neno "kupita". Mtu mmoja wa Utah, mwaka 2005, alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania, bastola yake imefungwa kwenye kasha ndani ya begi, ameitangaza kama inavyotakiwa. Akakosa ndege ya kuunganisha pale Newark. Wakamrudishia begi, akalala nalo hotelini, asubuhi akarudi uwanjani akatangaza tena kwa uaminifu wake wote: nina bastola humu. Akakamatwa, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashitaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai fidia, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilikataa, ikisema usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, na ile sheria ya 1986 haimkingi mtu katika hali hiyo. Sasa wewe unapanga mkeo alale siku mbili Silver Spring kwa pilau ya mama mdogo, bastola iko nje kwenye gari. Hiyo haiitwi tena kupita.

Na uzito wa New Jersey wenyewe. Kukutwa na bastola bila kibali huko ni kosa la daraja la pili, miaka mitano hadi 10, na kwa kawaida miezi 42 ya mwanzo haina msamaha wa kutoka mapema. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili, kibali halali cha Pennsylvania mkononi, alisimamishwa kwa kosa dogo la barabarani upande wa New Jersey. Akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola kwenye pochi, maana kwao ndivyo alivyofundishwa. Akawekwa ndani. Ilichukua kama mwaka mmoja na nusu, kelele za nchi nzima na msamaha wa gavana mwaka 2015, kumtoa kabisa kwenye lile shimo. Kabla yake kulikuwa na kijana aliyehama kutoka Colorado kurudi New Jersey, bastola zake ziko kwenye buti, hazina risasi, zimefungwa. Alihukumiwa miaka saba. Mzozo ulikuwa kama kweli alikuwa bado anahama au alishahamia. Gavana alimtoa gerezani Desemba 2010. Wote wawili walikuwa raia. Waliumia, lakini hakuna aliyewapeleka uwanja wa ndege.

Wewe una grini kadi, baba watoto. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, ya shirikisho au ya jimbo, anaweza kuondolewa nchini. Haingoji uwe umempiga mtu. Haijali umekaa miaka mingapi wala kwamba hakimu alikuhurumia akakupa kifungo cha nje. Hata zile njia za huruma ambazo mtu anakiri kosa, anafanya kazi za jamii, kisha faili linafungwa, kwa macho ya uhamiaji mara nyingi kule kukiri tu kunahesabiwa kuwa hatia. Ndiyo maana tangu 2010 Mahakama Kuu imewataka mawakili wa jinai wamweleze mteja asiye raia matokeo hayo kabla hajakiri. Bahati nasibu uliyoshinda kati ya mamilioni ya watu unaiweka rehani kwa kitu kinachouzwa dukani kila siku.

Nije kwenye magazini, maana najua utasema nitaihamisha mwenyewe, kihalali. Mwaka 2018 New Jersey ilishusha kiwango kutoka risasi 15 hadi 10. Mtu aliyeishi huko zamani anaweza kukuapia kwamba 15 ni ruksa, na zamani alikuwa anasema kweli. Hizo mbili ulizonazo zibaki Texas. Na zile risasi zenye tundu kwenye ncha, ambazo Texas unazikuta rafu moja na za kawaida, New Jersey ina kifungu chake cha kuzikataza, chenye misamaha myembamba kama ya kuziweka nyumbani kwako au kuzitoa dukani ulikozinunua kwenda nyumbani. Usiingie kwenye mabishano ya tafsiri kwa boksi la risasi. Mpe mtu anayekwenda shabaha hapo Arlington, azimalize. Sheria hizi zinabishaniwa mahakamani kila uchao, kwa hiyo kabla ya kusafiri na chochote mpigie wakili wa New Jersey uulize zimesimamaje wiki hiyo.

Shemeji wa Little Rock ana moyo mzuri na ushauri mbaya. Mkazi wa Texas hamkabidhi mkazi wa Arkansas bastola mkononi, hata wakiwa wamenyonya ziwa moja. Kati ya majimbo mawili lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, aandike kwenye kitabu chake, amfanyie ukaguzi anayepokea. Na hapo anayekabidhi angekuwa nani? Mkeo, ambaye hata kuigusa haruhusiwi. Makosa mawili kwa kusimama mara moja kituo cha mafuta.

Basi fanya lipi? Mimi ningeiuza. Nasema hivyo nikijua wanaume wanavyozipenda. Sisi tulipohama Georgia, baba watoto wangu aliizungukia yake wiki nzima kama mtu anayeuza ng'ombe wa mahari. Mwisho tukaenda dukani, mimi nikabaki mlangoni. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani kwenye kamba. Akatoa magazini, akaiweka kando, halafu akavuta sehemu ya juu nyuma, na risasi moja ikaruka ikagonga kioo cha kaunta. Baba watoto alikuwa ameapa nyumbani kwamba ni tupu. Alikuwa ametoa magazini akasahau ile iliyokuwa imeshaingia kwenye chemba. Mzee hakusema neno, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha, akaandika bei. Ilikuwa ndogo kuliko tuliyotegemea, tukaichukua. Njia nzima ya kurudi mume wangu alikuwa anatazama nje ya dirisha, na mimi nilikuwa nafikiria droo yetu ya chumbani na mtoto wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kufungua droo.

Uza kwa duka lenye leseni hapo Texas, chukua risiti, iweke na karatasi zako za kodi. Ukishatulia Jersey City, ukitaka nyingine, anza kwa utaratibu wao. Utaomba kadi ya utambulisho ya mnunuzi wa silaha kupitia polisi wa mji wako, alama za vidole, mafunzo, watu wa kukudhamini, na kwa kila bastola kibali chake cha kununua. Ni mlolongo. Utakukumbusha kibali cha silaha kule nyumbani Tanzania, ambako mpaka polisi wakuridhie umeshajulikana mtaa mzima.

Kama moyo umekataa kuuza, basi ichukue wewe mwenyewe, kwenye ndege ileile unayosema ni usumbufu. Bastola tupu, chemba imeangaliwa, ndani ya kasha gumu lenye kufuli, ufunguo unakaa kwako, kasha ndani ya begi la kukabidhi. Unafika kaunta ya ndege unasema una silaha isiyo na risasi, wanakupa karatasi ya kusaini, basi. Magazini uwe umenunua ya 10. Chukua ndege ya moja kwa moja, Dallas hadi Newark, umeshasikia kisa cha mtu wa Utah. Ukishuka, chukua begi uende nyumbani bila kupitia kwa rafiki kula ugali. Sheria ya New Jersey inamruhusu mtu anayehama kubeba silaha yake kutoka makazi ya zamani kwenda mapya ikiwa tupu na imefungwa, lakini neno "anayehama" ndilo lililomponza yule wa Colorado, kwa hiyo tembea na mkataba wa nyumba mpya na barua ya kazi. Kuanzia siku umekuwa mkazi, sheria waliyoitunga mwaka 2022 inakupa siku 60 upate ile kadi na uiandikishe silaha uliyoinunua nje ya jimbo. Kampuni za kuhamisha mizigo sizizungumzii, kwa kuwa makochi mnauza. Sheria inaruhusu silaha iende na vyombo mradi uwaambie, ila nyingi zinakataa, na risasi ndiyo kabisa.

Na humo ndani ya nyumba, mpaka grini kadi ya mkeo itoke, droo imekwisha. Nunua sefu. Namba ya siri ijue wewe peke yako, usimwambie hata siku mkiwa mmepatana sana.

Mwanangu, nikurudie wewe. Ukishaondoa bastola kwenye hesabu, safari yako inakuwa safari. Lala Silver Spring siku mbili au nne, mama mdogo amwone mtoto. Lakini kabla hujapakia kitu, mwambie mume wako, kabla hajapanda ndege, aipekue Sienna yote kwa mikono yake. Dashibodi, mifuko ya milango, chini ya mazulia, sehemu ya tairi la akiba, begi lile analokwenda nalo shabaha, na mifuko ya koti lake la baridi ambalo najua utalipakia wewe. Orodha niliyokuambia inataja silaha na risasi pia, hata moja. Akimaliza, aing'oe na ile siti ya mtoto, ageuze chini juu, aikung'ute. Wa miaka mitatu anaokota kila kinachong'aa, na unajua mwenyewe anakokificha.